Maji Baridi na Maji Chumvi: Sheria ya Maji na Haki ya Mkazi wa Delta



Mkazi wa Delta ya Rufiji huuhesabu mwaka wake kwa maji ya namna mbili. Yako maji ya mto yashukayo kutoka bara, na yako maji ya bahari yapandayo mara mbili kwa siku na kuzidi nguvu wakati wa bamvua. Mto ukiwa na nguvu, chumvi husukumwa kurudi baharini. Mpunga hustawi na maji ya kisima hunyweka. Mto ukidhoofika, chumvi hupanda mtoni na kupenya ardhini. Mama wa Kiongoroni au Maparoni huitambua habari hiyo kwa ulimi wake kabla haijaandikwa na mtaalamu yeyote. Mpaka kati ya maji hayo mawili hauna nguzo wala alama, nao husogea. Mazungumzo haya yanahusu swali moja: ni nani aamuaye mpaka huo ukae wapi, na mwananchi ana sauti gani katika uamuzi huo?

Maji yatokako

Mto Rufiji hauanzii Kibiti. Kilombero na Luwegu hukutana Shuguli, kisha Ruaha Mkuu hujiunga nao, na bonde lote lina ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 170,000. Kwa hiyo kila linalotendwa huko juu hatimaye hufika Delta.

Mfano ulio wazi ni Usangu. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu maji mengi huchepushwa kwenda mashambani kabla hayajapita ardhioevu ya Ihefu. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao Usangu ili kuinusuru ardhi hiyo. Wengi walielekea mikoa ya Pwani na Lindi, na baadhi yao wakafika Rufiji, wakati Kibiti ikiwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Hivyo ukame wa nchi ya mbali ulibisha hodi hapa kwa sura ya makundi ya ng'ombe yatafutayo malisho na maji, na mkulima na mfugaji wakajikuta wakigombea ukingo mmoja wa mto. Jirani zetu wa Kenya walipita katika njia hiyo kwa uchungu zaidi: katika Delta ya Mto Tana, mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 kati ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya 100.

Bwawa na mafuriko

Sasa liko jambo kubwa zaidi. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme katika gridi ya Taifa Februari 2024, na mitambo yote 9, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025. Taifa linauhitaji umeme huo, na Kibiti nayo ni sehemu ya Taifa. Lakini ni vema kila mkazi aelewe bwawa linavyofanya kazi, kwa maana maisha ya Delta yamefungamana nalo.

Hifadhi ya maji ni kama ghala. Mzalishaji umeme hupenda ghala lijae. Anayeogopa mafuriko hupenda ghala liwe na nafasi kabla ya masika, ili lipokee maji ya ghafla. Mkulima wa bondeni naye hataki mto ubaki kimya mwaka mzima, wala hataki gharika. Huhitaji furiko la wastani, kwa wakati wake. Furiko hilo huleta tope lenye rutuba, hujaza maziwa ya bondeni na kuwapa samaki mahali pa kuzaliana, na likiondoka huacha unyevu wa kilimo cha mlau. Kwa karne nyingi Warufiji waliishi na maji hayo, wakilinda mpunga kutoka juu ya madungu. Hata baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali ilipowahamishia wakazi wengi kwenye ardhi ya juu, watu waliendelea kurudi bondeni kila msimu, kwa sababu chakula kilikuwa huko.

Mahitaji hayo matatu hayawezi kutimizwa yote kikamilifu kwa wakati mmoja. Masika ya mwaka 2024 yalilionesha hilo. Mvua kubwa zilinyesha katika sehemu nyingi za nchi. Aprili 25 mwaka huo, Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua na athari zake. Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia: mashamba yalizama na familia zikahama. Bwawa huweza kupunguza kilele cha mafuriko, ila likishajaa halina budi kuyaachia maji yaingiayo. Kwa hiyo jambo la kuuliza si kama bwawa ni jema au baya. La kuuliza ni kwa ratiba gani maji yataachiwa, na taarifa itamfikia nani, siku ngapi kabla.

Sheria yasemavyo

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa nani atangulie. Kwanza ni maji ya matumizi ya nyumbani. Pili ni akiba ya mazingira, yaani maji yanayopaswa kubaki mtoni ili mto na viumbe vyake viendelee kuishi. Shughuli za kiuchumi hufuata baada ya hayo mawili, kulingana na maji yaliyopo.

Utaratibu huo una maana kubwa kwa Delta. Mkazi aombaye mto uendelee kuwa na nguvu ya kuisukuma chumvi haombi hisani. Anadai kilicho katika nafasi ya kwanza na ya pili ya sheria. Chombo cha kupokea dai hilo ni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Sheria hiyohiyo inaruhusu wananchi kuunda jumuiya za watumiaji maji, ambazo hushiriki kusuluhisha migogoro na kulinda vyanzo. Huduma ya maji ya bomba na visima vya vijijini ni jukumu la RUWASA, iliyoanza kazi mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watoa huduma vya ngazi ya jamii. Anayelalamikia pampu mbovu na anayelalamikia mto kupungua wanabisha milango miwili tofauti. Wengi hupoteza miezi kwa kubisha mlango usio wao.

Funzo la Msumbiji linasaidia. Baada ya bwawa la Cahora Bassa kuanza kuzuia maji ya Zambezi katikati ya miaka ya 1970, mafuriko ya kila mwaka yalipungua katika delta yake, na uvuvi wa kamba na mbuga za Marromeu vikaathirika. Wataalamu walipendekeza kuachia maji kwa kufuata msimu wa asili, lakini mazungumzo hayo yalianza wakati mazoea ya mitambo yalikwisha kuota mizizi. Kibiti ina nafasi ya kusema mapema.

Wajibu wa nyumbani

Hata hivyo, anayedai haki ya mto huko juu sharti aangalie mkono wake huku chini. Delta hii ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote uliopo mahali pamoja katika mwambao wa Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 ni sehemu ya eneo la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye karibu hekta 600,000. Mikandaa, michu na misinzi huvunja nguvu ya mawimbi, hushika udongo, na hulea kamba na samaki wachanga. Mto ulipohamishia maji yake mengi upande wa kaskazini tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima waliufuata na kufyeka mikoko ili walime mpunga. Walisukumwa na njaa, wala si ukaidi. Lakini shamba la namna hiyo huchoka baada ya miaka michache kwa magugu na kaa, na mkulima hufyeka jingine. Msitu ukiondoka, bahari haina wa kuizuia, na chumvi ile inayolalamikiwa hupata njia pana zaidi.

Yanayoweza kuanza sasa

Yako mambo manne yasiyohitaji kusubiri mradi. La kwanza, kila kijiji kiteue visima na sehemu za mto za kuangaliwa, na mtendaji aandike katika daftari, kila bamvua, kama maji yananyweka au la. Malalamiko bila tarehe husahaulika. Daftari la miaka mitatu ni ushahidi. La pili, mikutano mikuu ya vijiji ijadili kuunda jumuiya za watumiaji maji zenye wakulima, wavuvi na wafugaji pamoja, ili njia za mifugo na sehemu za kunyweshea zikubaliwe kabla ya kiangazi. La tatu, kila kitongoji kijue ni nani atakayepokea taarifa ya kuachiwa maji, kwa simu ipi, na ni kilima gani watu watakimbilia. La nne, mipaka ya msitu wa mikoko ioneshwe kwa wakulima wote, na mazungumzo na Wakala wa Huduma za Misitu yaanze na swali la mkulima huyo atakula nini.

Bahari haitaacha kupanda mara mbili kwa siku, na mitambo haitazimwa kwa ajili ya mlau. Kati ya mambo hayo mawili ipo nafasi, nayo imeandikwa katika sheria. Atakayeitumia ni mkazi atakayefika Iringa akiwa na daftari mkononi.