Laptopu Ikikataa Kuwaka, Okoa Kazi Yako Kwanza

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya ofisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi waliokutana katika maktaba ya umma.



Nimeombwa nizungumze kuhusu laptopu isiyowaka. Najua kuna atakayeuliza hilo linahusu nini serikali ya kaunti. Linahusu. Ombi la mkopo wa HELB hujazwa mtandaoni. Ritani za KRA, ambazo mtu binafsi hutakiwa kuwasilisha kufikia tarehe 30 Juni, hujazwa mtandaoni. Vivyo hivyo maombi mengi ya kazi na zabuni. Kijana ambaye vyeti vyake vyote viko ndani ya mashine moja, akiamka siku ya mwisho akute skrini nyeusi, huyo yuko karibu kupoteza nafasi.

Sasa, neno "haiwaki" lina maana tatu, na fundi mzuri ataanza kwa kukuuliza ni ipi. Kuna laptopu isiyoonyesha dalili yoyote, hakuna taa wala sauti ya feni. Kuna ile inayowaka taa na feni ikazunguka, lakini skrini ni giza. Na kuna inayoanza vizuri, ikaonyesha nembo ya kampuni, kisha ikakwama hapo au ikawa inajizima na kujiwasha.

Kwa ile ya kwanza, anza na stima. Angalia swichi ya ukutani. Mnacheka, lakini kulipa nauli hadi mjini kwa sababu ya swichi si jambo la kuchekesha. Jaribu soketi nyingine bila ekstensheni. Kagua waya wa chaja karibu na ncha, kwa maana hapo ndipo hukatikia ndani. Kama laptopu yako hutumia chaja ya USB-C, usiipime kwa chaja ndogo ya simu. Nyingi za aina hiyo huhitaji wati 45 au 65. Kisha chomoa chaja na kila kitu kilichochomekwa, toa betri ikiwa ni ya kutolewa, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kwa sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, subiri kidogo, uwashe. Hatua hiyo huondoa umeme uliobaki ndani ya saketi, na imefufua laptopu nyingi, hasa baada ya stima kupotea na kurudi ghafla.

Jambo moja la hatari. Ukiona kifuniko cha chini kimetuna au mahali pa kugusia kipanya pameinuka, betri imevimba. Usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto.

Skrini ikiwa giza, mulika tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, mashine ni nzima. Taa ya nyuma ya skrini ndiyo imekufa. Iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea, tuma ombi lako leo ukitumia televisheni, na mambo ya skrini yangoje mwisho wa mwezi. Ikitoa milio kwa mpangilio, ihesabu na umwambie fundi. Kila kampuni ina hesabu yake, na mara nyingi milio hiyo huhusu RAM.

Sasa nije kwa ile inayoanza na kukwama, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza kazi yao bure. Kwanza toa flashi, kadi na modemu. Wakati mwingine mashine inajaribu kuanzia kwenye flashi uliyoisahau. Sikiliza pia. Ikiwa ina diski ya zamani ya kuzunguka na unasikia kama inagonga, izime na usiiwashe tena, maana kila jaribio linaweza kuharibu zaidi. Kama hakuna mlio huo, Windows 10 na 11, zikishindwa kuanza mara mbili au tatu mfululizo, kwa kawaida hufungua zenyewe ukurasa wa marekebisho. Humo utakuta njia ya kurekebisha uanzishaji, ya kuondoa sasisho la mwisho, ya kurudisha mipangilio ya siku ya nyuma, na ya kuwasha katika hali salama. Njia hizo nne hazifuti hati zako. Zijaribu kwanza.

Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024? Sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows duniani, na ndege zikakwama. Mashine zilionekana zimekufa. Nyingi zilitibiwa kwa kuziwasha katika hali salama na kufuta faili moja. Hati za wenyewe zilikuwemo ndani.

Ndiyo maana nasema msiharakishe kukubali neno "tuifomati". Sibezi mafundi wetu, wapo hodari sana. Lakini kufomati ni rahisi, na kuokoa data kunachukua muda. Muulize hivi kabla hajagusa kitu: "Faili zangu umezihamishia wapi?" Diski inaweza kutolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine, zikanakiliwa.

Hapo kuna kizingiti. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker, na baada ya hitilafu zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashine, nawe unaweza kuifungua kwa simu. Lakini akaunti hiyo ni ya nani? Ikiwa muuzaji au kijana wa saiba alikufungulia kwa barua pepe yake, ufunguo uko kwake, na bila ufunguo fundi hawezi kukusaidia. Mkifika nyumbani leo, hakikisheni akaunti ni yenu, kisha muunakili ufunguo kwenye karatasi.

Na faragha. Ndani ya laptopu mna picha za watoto, nakala ya kitambulisho, pengine nywila. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, na sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inafanya kuingia katika data ya mtu bila idhini kuwa kosa. Fundi wa chaja au skrini hahitaji nywila yako. Kwa kazi nyingine, kaa naye ukiweza. Andika namba ya mashine, kubalianeni bei, na udai kifaa cha zamani kikibadilishwa.

Tuje kwa maswali. Waliokuja na laptopu wakae meza ya dirishani. Soketi za pale zinafanya kazi, nimezijaribu asubuhi.