Hali Shwari: Bunduki, Askari na Habari za Vita



Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 11, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Bukoba. Nyumbani tulikuwa na redio moja, imevalishwa ganda la ngozi lenye matundu mbele. Betri zikichoka mama alizianika juani pamoja na kahawa, na jioni zilipata uhai wa taarifa moja ya habari, mbili tukibahatika. Kazi yangu ilikuwa kuzianua kabla ya umande. Kwangu mimi vita vya Kagera vilianza kwa betri.

Oktoba ile ndege za Idi Amin, rais wa Uganda, zilikuja kupiga Bukoba. Hazikubomoa sana mji, lakini ziliubomoa moyo wa mji. Watu waligombea meli ya Mwanza, wengine wakashika njia ya Muleba na magodoro kichwani. Sisi tulibaki, kwa kuwa bibi alikataa katakata kuondoka. Tukabaki na redio. Na redio ya mpakani ina vituko vyake: Radio Uganda ilikuwa ikiingia vizuri kuliko Dar es Salaam, na Kiganda hakikuhitaji mkalimani kwa Mhaya. Tarehe 1 Novemba kituo kile kilitangaza kwamba ardhi yote hadi mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa. Kila mtu wa rika langu anakumbuka maneno yake, kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin tunavyo, hata aliyekuwa amelala.

Baadaye Amin alipendekeza yeye na Mwalimu wamalize ugomvi ulingoni, Muhammad Ali awe refa. Baba alicheka mpaka akakohoa. Nimekifikiria sana kicheko kile. Kilitusaidia kupitisha usiku, lakini kilitugeuza watazamaji wa vita vilivyokuwa safari ya saa chache tu kutoka kwetu. Hata neno “nduli” alilobandikwa Amin lilizoeleka hivyo hivyo. Wadogo zangu walidhani ndilo jina lake la kwanza. Ukishampa adui jina la namna hiyo, huulizi tena maswali mengi kuhusu watu wako.

Miaka kama tisa baadaye nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Kambi siitaji. Afande aliyetufundisha silaha alikuwa mtu mfupi, mpole kwa sauti, asiyecheka kabisa mbele ya bunduki. Kwake kila bunduki ilikuwa na risasi mpaka uione chemba kwa macho yako mwenyewe. Mtutu usielekee kitu usichotaka kife. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeiona shabaha, na umekiona kilicho nyuma ya shabaha. Hilo la mwisho alilirudia kuliko yote, kwa sababu risasi haisimami pale unapotaka isimame.

Sasa sikilizeni lililotokea. Jioni moja mwenzetu alirudi lindoni na SMG, akakaa kitandani ndani ya hanga kuisafisha. Utaratibu ni kutoa magazini kwanza, kisha ukoki, kisha uangalie chemba. Yeye alikuwa amechoka. Akakoki kwanza, ndipo akatoa magazini. Tofauti ni ya sekunde mbili. Kule kukoki kuliingiza risasi ya juu kwenye chemba, na magazini ilipotoka akaamini mkononi ana chuma kitupu. Akabonyeza. Risasi ilipita kati ya vitanda viwili, ikatoboa bati na kwenda zake. Kwa muda hakuna aliyesikia kitu isipokuwa mlio wa masikio yake mwenyewe. Hakuna aliyeumia. Mwenzetu alilia, akaadhibiwa kwa kuviringishwa kwenye tope hadi usiku, na asubuhi yake, nikiwa zamu gadi, nilifungua kitabu cha matukio nione limeandikwaje. Lilikuwa limeandikwa maneno mawili: hali shwari.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonileta hapa leo. Adhabu ilitolewa, somo likafichwa. Kuruta wa intake iliyofuata hawakuambiwa kwamba kosa la kukoki kabla ya kutoa magazini lilikaribia kuua mtu katika hanga lile lile walilolala.

Nilipoanza kuisoma historia ya vita vile kwa utulivu, niliikuta hali shwari kila mahali. Mwanzoni mwa vita, Musoma, walinzi wetu wa anga walitungua ndege zetu wenyewe wakidhani ni za adui. Marubani wale hawakuwa na tofauti na mtu aliyesimama nyuma ya shabaha. Nimezungumza na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaoweza kutaja siku Kampala ilipoanguka, 11 Aprili 1979, na hawajawahi kusikia habari ya Musoma.

Kuna Mutukula pia. Majeshi yetu yaliuteka mji huo, upande wa Uganda wa mpaka, Januari 1979. Askari walikuwa wametoka kuona yaliyofanywa kwetu: watu waliouawa, wanawake waliobakwa, ng'ombe waliovushwa, kiwanda cha sukari kilichoporwa. Hasira yao ilikuwa na sababu. Lakini mji ulisawazishwa kwa matingatinga, na raia wakauawa. Mwalimu alipopata habari alishtuka, akaagiza raia na mali zao wasiguswe tena. Angalieni mwendo wa jambo hili. Kuna mtu aliyekubali kupeleka juu taarifa isiyopendeza, na kwa kuwa taarifa ilipanda, amri ilishuka. Angeandika hali shwari, pasingekuwa na amri yoyote. Sisemi amri ilimaliza kazi. Februari, Masaka ilipotekwa, majengo yake yalilipuliwa kwa kisasi, na amri ilikuwepo. Nidhamu ya jeshi haijengwi kwa agizo moja.

Najua wapo wanaokereka ninaposema haya, na baadhi yao wamevaa nishani kifuani. Wazee wangu, shikamooni. Jeshi lililomwondoa Amin lilitenda jambo ambalo wengine barani walilitazama tu, na ndugu zetu waliolala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya hawadaiwi kitu na mtu. Ndiyo maana naona ni kuwavunjia heshima kuwasimulia kama watu wa kwenye bango.

Habari za ushindi zina kasoro nyingine: zinakoma bendera ikipandishwa, na bunduki hazikomi hapo. Mwaka 1979, utawala wa Amin ulipoporomoka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliachwa wazi, Wakaramoja wakajibebea. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi, na maumivu yake yakavuka hadi Wapokot na Waturkana wa Kenya. Upande wetu, silaha za vita ziliingia kwa majangili na majambazi. Mwaka uleule mkoa wetu wa Ziwa Magharibi ukapewa jina jipya, Kagera. Jina lilitangazwa. Bunduki zilizobaki chini ya vitanda hazikutangazwa.

Wala si bunduki za mkononi tu. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya mabomu ya jeshi yalilipuka Mbagala, Dar es Salaam, watu zaidi ya 20 wakafa, nyumba za raia zikabomoka. Kukawa na uchunguzi na ahadi. Miezi 22 haijatimia, usiku wa 16 Februari 2011, yakalipuka ya Gongo la Mboto. Mabomu yalirukia makazi ya watu, uwanja wa ndege ukafungwa kwa muda, watoto wakapotezana na wazazi gizani. Bomu lililochakaa ghalani ni sawa na chemba isiyokaguliwa. Na raia aliyejenga ukutani mwa kambi ndiye yule aliye nyuma ya shabaha, ambaye afande wangu alitukataza kumsahau.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanafunzi wa uandishi wa habari na wa historia walio mbele yangu. Kijana aliyevuka mto Kagera akiwa na miaka 20 sasa amepita 65. Wapo Bukoba, wapo Tarime, wapo Songea, na kila mwaka wanapungua. Wengi wao hawajawahi kuulizwa ila siku ya gwaride, na siku ya gwaride hakuna anayesema kweli. Likizo inaanza wiki ijayo. Chukueni kinasa sauti, mwende. Mkifika msianze na ushindi. Mwacheni mzee amalize chai yake, kisha mwombeni awasimulie ile siku iliyoandikwa hali shwari.