Bandama na Maradhi ya Kuambukiza
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu)



Katika hesabu za mwaka huu mmekwisha kusikia kwamba sehemu kubwa ya fedha zetu imetumika kununua majeneza na kulipa nauli ya kupeleka maiti nyumbani. Hatulalamiki, maana ndiyo kazi tuliyojifunga kuifanya. Lakini miongoni mwa maiti hao alikuwamo mtoto wa miaka minne, mwana wa mwenzetu, na kifo chake kimetufanya tuombe ruhusa ya kusema habari za kiungo ambacho aghalabu hakitajwi ila buchani: bandama, ambayo vitabu vya siku hizi huiita wengu.

Bandama hukaa upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kazi yake ni kuichuja damu. Huziondoa chembe nyekundu zilizochakaa, huvikamata vijidudu vya maradhi, na kuusaidia mwili kujikinga. Kwa sababu hiyo homa nyingi huigusa. Malaria huivimbisha, na kichocho cha tumbo, kipatikanacho katika maji ya Ziwa, huivimbisha pia kwa kuliharibu ini. Madaktari waliokutana Kampala mwaka 1950 walikubaliana kuupima wingi wa malaria katika nchi kwa kuyapapasa matumbo ya watoto wa miaka 2 hadi 9. Wazee waliokulia Kano na Nyakach hawakuhitaji mkutano ili kujua jambo hilo. Matumbo hayo waliyaona kila siku.

Sasa yako madhara mengine yasiyojulikana sana. Mishipa midogo ya bandama ikizibika, sehemu yake hukosa damu ikafa. Mgonjwa hushikwa ghafula na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, pengine yakapanda hata begani, pamoja na homa. Malaria kali yaweza kuleta hayo. Vivyo hivyo vijidudu vikaapo katika vilango vya moyo, kwani vipande vya uchafu huchukuliwa na damu vikaenda kukwama humo. Hata ugonjwa wa korona, ulioingia Kenya mwaka 2020, ulionekana kuigandisha damu ya baadhi ya wagonjwa katika mishipa hiyo.

Lakini kwetu sisi watu wa Ziwa, mlango mkubwa ni selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hupindika mfano wa mundu. Hapa hatuna budi kukawia kidogo. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali, akaona kwamba alama ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa, na haba nyanda za juu. Mwaka 1954 alitangaza jaribio lililofanywa kwa wanaume Wajaluo 30 waliokubali kutiwa malaria. Katika 15 wenye alama hiyo, 2 tu ndio walioshikwa. Katika 15 wasio nayo, 14. Leo jaribio kama hilo lisingeruhusiwa kwa wepesi, nasi twaona ni haki watu hao 30 wakumbukwe katika mkutano wa Wajaluo.

Basi aliyeirithi alama kwa mzazi mmoja hupata kinga. Aliyeirithi kwa wote wawili hupata ugonjwa wenyewe, na malaria kwake ni adui mkali. Chembe zake huziba mishipa ya bandama mara kwa mara, sehemu baada ya sehemu ikifa, hata kiungo chote kikasinyaa kingali cha mtoto mdogo. Hapo mlinzi ameondoka. Kijidudu cha kichomi, ambacho mtoto mwingine angekishinda, huingia katika damu na kumwua kwa siku moja au mbili.

Mtoto tuliyemzika alichanjwa chale ubavuni mara tatu, na jirani wakatajwa kwa uchawi. Damu yake ilipimwa siku ya mwisho. Hatumlaumu mzazi, sisi wenyewe, wenye kusoma, hatukuwa tumejua.

Na dawa zipo. Penisilini hupewa mtoto mwenye selimundu kila siku hata atimize miaka mitano. Chanjo ya kijidudu cha kichomi hutolewa Kenya tangu mwaka 2011, na chanjo ya malaria ilianza Homa Bay mwaka 2019. Huko Jamaica wazazi walifundishwa kuipapasa bandama ya mtoto, nao wakiiona imevimba ghafula na mtoto amekwajuka, humkimbiza hospitali, na vifo vikapungua. Kupapasa ni kwa upole; kulikanda tumbo lenye bandama iliyovimba kwaweza kuipasua.

Hoja yetu ni kwamba sehemu ya kumi ya mfuko wa mazishi itengwe kwa nauli na gharama ya kupimia damu ya watoto wa wanachama. Tunajua wazee wengine wataona ni vibaya kuugusa mfuko huo. Baba wa marehemu ameomba jina lake liandikwe la kwanza, kwa ajili ya wanawe wawili waliobaki. Karatasi ziko mezani kwa Mweka Hazina.