ALIPONYAMAZA TULIDHANI ANAKWEPA MKOPO
(Maneno ya Kamati ya Mfuko wa Jamii katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Kamati yetu ilipewa dakika kumi na tano tueleze tumeuguza wangapi, tumezika wangapi na mfuko umetoa kiasi gani. Hesabu hizo Mama Mhazini amekwisha kuzisoma, hatuna la kuongeza. Tumeomba dakika zetu tuzitumie kwa jambo moja ambalo kikundi kilikosea. Mwenzetu mwenyewe yupo hapa na ameturuhusu tuliseme, ila jina lake tusilitaje.

Mwenzetu huyu ni fundi cherehani. Katika mwaka wa nne wa kikundi alianza kuja mkutanoni amechangamka kupita kiasi. Ananunua hisa zote zinazoruhusiwa, anatununulia soda sote, anaongea mpaka hupati pa kuchomeka neno. Alikuwa akilala masaa mawili tu kwa usiku na wala hachoki. Akaomba mkopo wa kufungua duka la vitambaa, na kabla hatujamjibu likawa maduka mawili. Sisi tulifurahi! Tukasema huyu ndiye mfano wa kuigwa. Tukampa mkopo kuliko hisa zake zilivyostahili, na wadhamini wakaweka sahihi huku wanacheka.

Wiki tatu hazikupita, fedha zimekwisha. Nyingine aliwapa watu asiowajua. Halafu akanyamaza. Mkutano wa kwanza hakuja, wa pili hakuja. Tulipokwenda kwake, mtoto alitokea mlangoni akasema mama amelala. Saa nane mchana! Tukatazamana: huyo, anakwepa. Tukachukua cherehani, kama katiba inavyosema. Alikaa kitandani akatutazama tunavyoibeba. Hakutugombeza, hakulia. Jamani, mtu anachukuliwa kazi ya mikono yake na hasemi neno, nasi tukaona hicho ni kiburi.

Dada yake ndiye aliyempeleka hospitali. Huko ndiko tulikosikia jina la ugonjwa wa bipola. Mgonjwa hupanda na hushuka. Akipanda, usingizi unapungua, mipango inakuwa mikubwa, fedha zinamwagika, na ukimzuia anakuwa mkali. Akishuka anaingia katika sonona: hana hamu ya kitu, kuoga tu ni mzigo, anajiona hana faida kwa yeyote. Wapo wenye sonona peke yake, bila kupanda. Yote mawili ni maradhi, na yana matibabu. Lakini kwetu ukitaja Mirembe watu wanacheka, kana kwamba ni tusi, wakati hospitali ile ya Dodoma imekuwa ikitibu watu tangu miaka ya 1920. Kicheko hicho ndicho kinachofanya familia zifiche wagonjwa ndani.

Tulianza kwenda kwake wawili wawili, kila Alhamisi. Mwanzoni tulikosea tena. Tulimwambia ajikaze, ahesabu baraka zake, aone wenye shida kuliko yeye. Maneno hayo yalimwongezea aibu tu. Tukaacha. Tukawa tunateka maji, tunapika uji, tunakaa. Siku nyingine saa nzima bila mazungumzo. Baadaye alituambia kwamba zile siku za kimya ndizo alizozikumbuka.

Swali moja tuliliogopa sana: je, unafikiria kujiua? Tulidhani tukiuliza tutamtia wazo hilo. Muuguzi akatuambia sivyo, kuuliza wazi hakumpandikizii mtu wazo, humpa nafasi ya kusema. Tuliuliza. Alisema ndiyo. Usiku ule dawa ya panya na dawa za mashambani zilitoka katika nyumba ile, dada yake akalala naye chumba kimoja, na asubuhi wakawa hospitali. Mpaka leo tukikumbuka tunatetemeka.

Kuhusu dawa, tuseme machache. Dawa za sonona haziponyi kwa siku mbili. Huchukua wiki kadhaa, na hapo katikati ndipo watu hukata tamaa wakaziacha. Mwenye bipola asinunue dawa ya sonona dukani, maana ikitumika peke yake inaweza kumpandisha. Zipo dawa za kifafa zinazotumika pia kwa bipola, kwa hiyo ukiona kabamazepini usianze kutangaza mtaani kwamba fulani ana kifafa. Mwenye kutumia lithiamu hupimwa damu, na akiharisha au akitaka kufunga Ramadhani amwone daktari kwanza, kwa sababu mwili ukipungukiwa maji dawa ile huzidi katika damu. Na makesha! Kukosa usingizi kunaweza kumrudishia ugonjwa. Mwenzetu sasa haji kukesha msibani, anakuja asubuhi kutusaidia kupika. Tunaomba asisemwe.

Yeye mwenyewe, alipopata nafuu, ndiye aliyetufundisha kupatana mapema. Alituandikia: mkiniona silali siku mbili, mwiteni dada, nikiomba mkopo wakati huo, msinipe hata nikitukana. Amelitukana kweli jopo la mikopo mara moja, mwaka wa saba. Hatukumpa. Siku tatu baadaye alikuwa kwa daktari, na safari hiyo hakulazwa.

Cherehani tulimrudishia baada ya miezi mitano. Mkopo aliulipa kidogo kidogo, ukaisha. Lakini ile miezi mitano alikosa kushona sare za shule za Januari, ambazo ndizo zinazomlisha mwaka mzima, na hasara hiyo hakuna kati yetu aliyemfidia.

Basi, Mama Mwenyekiti, kamati inaomba kifungu cha kukamata mali kibadilishwe. Mwanachama akinyamaza, aende kwanza mtu wa mfuko wa jamii, si wa mikopo, na aende zaidi ya mara moja. Vifaa vya kazi visiguswe kabla ya taarifa yake kusomwa mkutanoni. Hoja tumeiandika, ipo mezani kwa Mama Katibu, ipigiwe kura Jumamosi ijayo.