Mlango Uliopimwa kwa Kimo cha Mtoto

Wasikilizaji, kuna filamu ambayo tangu niitazame haijaniachia. Ni filamu ya hali halisi ya mwaka 2000, Into the Arms of Strangers, yake Mark Jonathan Harris. Inawahusu watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, waliopelekwa Uingereza bila wazazi wao kutoka Ujerumani, Austria na Chekoslovakia, kuanzia Desemba 1938 hadi vita vilipozuka Septemba 1939.

Wanaosimulia ni watoto wale wale, sasa wamejaa mvi. Bibi mmoja anaikumbuka stesheni. Treni imeanza kuondoka, baba yake kamshika mikono kupitia dirishani. Anatembea sambamba na behewa, anakimbia, mwishowe uchungu unamzidi: anamvuta binti yake nje. Treni ikaenda bila yeye. Binti yule alikuja kupitia kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwamo, akatoka hai kwa tabu.

Simlaumu baba yule. Siwalaumu pia walioachia mikono. Ni mzazi gani angejua?

Kinachonichoma ni sharti lililowekwa na Uingereza. Novemba 1938 masinagogi ya Ujerumani na Austria yalichomwa moto na wanaume wa Kiyahudi maelfu wakasombwa kambini, dunia ikiona. Uingereza ikakubali kuwapokea watoto, walio chini ya miaka 17, wenye wadhamini ili wasiigharimu hazina ya serikali. Wazazi hawakuwamo katika mpango huo. Roho zile ziliokolewa, na hilo naliheshimu kwa dhati. Maana kule Marekani muswada wa kupokea watoto 20,000 ulifia bungeni mwaka 1939. Lakini wengi wa watoto waliofika Uingereza hawakuwaona tena baba na mama zao.

Na waliobahatika kuonana je? Mvulana mmoja aliondoka Vienna akiwa na miaka 7. Wazazi wake walinusurika Ufaransa, wakakutana naye mwaka 1947. Mama alimuaga mtoto mdogo, akapokea kijana wa miaka 16 ambaye Kijerumani kilikuwa kimeshamtoka. Kijana naye ilimbidi aiage familia ya Kiingereza iliyomlea na kumpenda kwa miaka yote ile. Hapo ndipo machozi yalinitoka, kwa sababu hakuna aliyekosea kati yao, na bado kila mmoja alikuwa amepoteza.

Msidhani hayo yamekwisha na wazee wale. Kwa miaka mingi sasa, kanuni za uhamiaji za Uingereza zimemnyima mtoto aliyepewa hifadhi ya ukimbizi haki ya kuwaombea wazazi wake waje waishi naye. Wanaoitetea kanuni hii husema mtoto atatangulizwa mbele kama chambo. Mimi nasema mtoto aliyethibitika kuwa mkimbizi anamhitaji mama yake, na kanuni hiyo ifutwe.