Kisu cha Daktari na Mlango wa Wodi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuzungumze juu ya haki za mgonjwa, nasi tumemchagua mgonjwa wa aina moja tu: yule aliyepasuliwa katika hospitali ya umma. Tumemchagua kwa kuwa hakuna raia anayejikabidhi kwa Serikali kikamilifu kama yeye. Mpiga kura hutoa kura yake, mlipa kodi hutoa fedha zake. Lakini mgonjwa aliyelazwa juu ya meza ya upasuaji hutoa mwili wake, tena akiwa hana fahamu. Ikiwa Serikali haiaminiki hapo, tutaiamini wapi?

Tuanze na historia fupi. Mwaka 1965 Serikali ya uhuru iliifuta ada ya shilingi 5 iliyorithiwa kutoka kwa ukoloni. Desemba 1989 ada zikarudi kwa jina la kugawana gharama. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, na mgonjwa hakuwa na mlango wa kubisha. Ada za wagonjwa wa nje zilisimamishwa Septemba 1990, kisha zikarejeshwa hatua kwa hatua kuanzia 1992. Tazameni tarehe hizo kwa makini. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Tulipata vyama vingi na ada za hospitali karibu kwa wakati mmoja. Mageuzi yaliyofika kwenye sanduku la kura hayakufika kitandani.

Jamaa za wagonjwa wanaokuja ofisini mwetu husimulia kisa kinachofanana. Upasuaji wenyewe huenda ukachukua saa moja au mbili, na mara nyingi huwa umefanywa kwa ustadi. Taabu huanza mgonjwa anapotolewa chumbani. Mke hupewa kikaratasi aende kununua glavu, bandeji na dawa ya kuzuia kidonda kisioze, kwa kuwa duka la hospitali halina kitu. Mwana hukesha sakafuni ili amgeuze baba yake, maana muuguzi ni mmoja na wodi imejaa. Siku ya kuruhusiwa, mgonjwa huambiwa arudi kutolewa nyuzi, wala haulizwi atapata wapi nauli. Akirudi nyumbani, mshono ukivimba na kutoa usaha, jirani husema ni bahati mbaya. Hapana, ndugu zangu. Kuuguza kidonda ni sehemu ya upasuaji. Anayepasua na kuacha hapo amefanya nusu ya kazi.

Hatusemi haya ili kuwashtaki madaktari na wauguzi. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013 utekelezwe. Mtumishi aliyechoka na mgonjwa aliyesahauliwa wanaonewa na mfumo mmoja.

Lakini uchovu hauwezi kuwa kinga ya kutoulizwa. Mwaka 2018 taifa lilishtuka kusikia kwamba katika Hospitali Kuu ya Kenyatta kichwa cha mgonjwa kilifunguliwa kwa kudhaniwa kuwa ni mgonjwa mwingine. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa, tangu 2008, orodha fupi ya maswali ya kuulizwa mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Huyu ni nani? Anapasuliwa nini, na upande gani? Vifaa na pamba vimehesabiwa vikatimia? Maswali hayo hayahitaji mashine ya mamilioni. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Na hospitali inayoficha makosa yake haina budi kuyarudia.

Liko jambo la tatu, ambalo kwetu sisi wanasheria ndilo zito zaidi. Mgonjwa hupona, daktari humruhusu, lakini mlinzi humzuia mlangoni kwa sababu ya deni. Kila usiku anaolala pale, deni huongezeka. Na kitanda anachokikalia kwa lazima hukosewa na anayesubiri kupasuliwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa sababu ya malipo kulivunja haki zao za kikatiba. Deni hudaiwa kwa njia ya madai, kama madeni mengine. Wodi si gereza, na mhasibu si hakimu.

Sheria, basi, tunazo. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya afya, na kukataza asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, kwa lugha anayoielewa kila inapowezekana, kabla ya kutoa idhini. Kidole gumba kilichowekwa juu ya fomu isiyosomwa si idhini. Na tangu Oktoba 2024 mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima mpya ya afya ya jamii; aliyekatwa ana haki ya kuuliza kilichonunuliwa.

Tunawaomba wanachama wafanye mambo matatu. Kwanza, mgonjwa akitoka, jamaa waombe kwa maandishi nakala ya kumbukumbu zake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 huipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Pili, msikawie: kesi ya uzembe dhidi ya Serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12, na wengi hufika kwa wakili huzuni ikiwa imepungua na muda umekwisha. Tatu, kwa kuwa hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013, nendeni kwenye vikao vya bajeti vya kaunti. Ulizeni fungu la bandeji na la wauguzi ni kiasi gani, kabla ya kuuliza fungu la magari.

Tulidai vyama vingi ili mtawala awajibike kwa mtawaliwa. Kipimo cha madai hayo hakiko Bungeni peke yake. Kiko pia kwa mgonjwa maskini, siku ya tatu baada ya kupasuliwa, usiku, anapomwita muuguzi. Je, yuko wa kuitika?