Mandhari Tano za Mapenzi: Safari katika Ushairi wa Kale wa Kitamil

(Muziki wa zumari na ngoma, kisha unafifia)

MTANGAZAJI: Msafiri anayeshuka kutoka milima ya Kodaikanal, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, akapita tambarare za Madurai na kuishia ufukoni Poompuhar, huwa amepita katika mandhari ambazo washairi wa Kitamil walizifanya lugha ya mapenzi yapata miaka 2,000 iliyopita. Ushairi huo huitwa wa Sangam, yaani baraza la washairi, ambalo mapokeo yanasema liliketi Madurai chini ya ulezi wa wafalme wa Pandya.

Tungo zilizosalia, zaidi ya 2,000, ni za mafungu mawili: akam, za mapenzi, ambamo wapendanao hawatajwi majina, na puram, za vita, ukarimu wa wafalme na maombolezo. Katika akam kila hali ya moyo ina mandhari yake, iitwayo tinai. Mlima, unaobeba jina la kurinji, ua la kibuluu linalochanua kila baada ya miaka 12, ni mahali pa kukutana kwa siri. Mashamba ya mpunga ni ya ugomvi na mume asiye mwaminifu. Pwani ni ya kihoro, na jangwa ni la utengano. Msitu ni wa subira, hivyo mshairi alipotaja mawingu ya mvua juu ya msitu jioni, wasikilizaji walielewa, bila kuambiwa, kuwa mume aliyeahidi kurudi kabla ya mvua bado hajaonekana.

(Mawimbi)

Poompuhar ya leo ni mji mdogo, lakini utenzi wa Pattinappalai unaieleza kama bandari ya wafalme wa Chola iliyojaa pilipili manga na farasi walioletwa kwa meli. Na fahari yote hiyo, kwa ustadi wa kustaajabisha, inasimuliwa ili mpenzi mmoja aseme kwamba hata angepewa mji huo asingemwacha mwenzake.

Sehemu kubwa ya tungo hizi ilikuwa imesahaulika hadi karne ya 19, wakati msomi wa Kitamil U. V. Swaminatha Iyer alipozunguka vijijini na kwenye nyumba za watawa akikusanya miswada ya majani ya mtende, ambayo mchwa na unyevu vilikuwa vikiila, akailinganisha na kuichapisha, ukiwamo mkusanyo wa Purananuru mwaka 1894. Miswada yake imehifadhiwa Chennai, katika maktaba yenye jina lake.

(Muziki)